Hodi ya Saa

Vadsø, Desemba. Jua halijachomoza tangu mwezi uliopita,
basi hakuna macheo ya kuanzia kuhesabu saa moja.
Kuna swichi tu, chumba cha chini, hospitalini,
na saa iliyomo ndani yake.

Ragnfrid anasoma kumbukumbu. Kahawa imepoa.
Usiku kucha mashine imeitikia kila hodi:
swali dogo kama punje, jibu gunia zima,
likapelekwa kwa asiyeuliza,
mtu wa mbali, anwani yake imeghushiwa,
anazama katika wakati sahihi.

Wakati ni ukuta, walinena wahenga.
Yeye anaujengea wakati ukuta:
hizi saa mbili za juu, tunaziamini;
hawa wa ndani waulize, wasiguse mshale;
wengine wote, kimya.
Si "njoo kesho". Si "mwenyewe hayupo".
Kimya.

Majuma matatu, kisha simu.
Aslak, wodi ya watoto, sauti ya chini:
"Saa yetu imebaki nyuma sekunde arobaini.
Rekodi yasema mtoto kapewa dawa
kabla daktari hajaiagiza."

Anapekua orodha. Tarakimu moja, kidole kiliteleza,
na wodi nzima ikalala nje
pamoja na wezi.

Anaongeza mstari. Anangoja.
Saa iliyopotea hairuki kurudi;
inasogea kidogo kidogo, hadi kesho yake,
kama mtoto aliyefungiwa mlango kimakosa,
anaingia, hasemi kitu,
anavua viatu.