Kurasa Tatu za Maoni

Nililifunga kwa uzi wa katani kwenye msumari wa kioo,
daftari langu la kurasa mia mbili, jalada la buluu,
katika saluni ya Nekesa, Umoja, mkabala na duka la gesi.
Mchana mimi ni karani wa vyuma, Barabara ya Kirinyaga:
naandika bawaba, misumari, kufuli dazeni sita.
Usiku naandika watu.

Hadithi saba, mwandiko wangu, wino mweusi.
Mwishoni nikaacha kurasa tatu tupu,
juu yake neno MAONI, nikalipigia mstari mara mbili,
kalamu nikaifunga kando, kama mbuzi malishoni.

Wiki ya kwanza kalamu ilitoweka.
Nikafunga nyingine.
Hiyo ilikauka wino. Nikafurahi, nikafungua mbio:
namba ya simu ya fundi wa mabomba,
deni la Mama Tevin, mia tatu na hamsini,
na nyumba aliyochora mtoto, ina mlango, haina dirisha.

Lakini wanasoma. Najua wanasoma.
Hadithi ya tatu ina alama ya kidole chenye mafuta ya nazi,
ya tano inanuka dawa ya nywele,
na kwenye ya sita mtu aliacha unywele bandia, rangi ya zambarau,
pale mjane anapohesabu viti.
Jumamosi moja nilikaa pembeni kama mteja, nikamwona mmoja
chini ya draya, midomo ikitembea, mabega yakitikisika kwa kicheko.
Akaitwa. Akalifunga, akasukwa, akalipa, akaenda zake.

"Kwani wanasemaje?" namuuliza Nekesa.
"Hawasemi. Ila siku ile ulipolichukua kusahihisha,
watu wanne waliniuliza liko wapi."
Wanne! Na hakuna aliyeniuliza mimi.

Nikanuna siku kadhaa. Nikasema watu wa mji huu
ulimi wao ni wa kulalamikia maji ya mfereji tu.
Eti kimya kingi kina mshindo mkuu;
mimi mshindo nimeungoja miezi minane.

Halafu nikamkumbuka Shihundu wa ghorofa ya nne.

Kila Ijumaa jioni alipanda juu ya paa na tarumbeta yake,
akasimama kati ya kamba za nguo, akapuliza polepole,
akikosea palepale, akirudia palepale,
na mimi huku chini, kwenye karo, nafunga mfereji
ili maji yasimfunike.
Miaka miwili nilifunga ule mfereji.

Nilitaka kumwambia. Maneno ya kwanza yalikuwa makubwa mno,
yangemfanya apanguse mikono kabla ya kuyapokea.
Ya pili yakawa madogo: "Hongera,"
kama shilingi tano kwenye kiganja cha mtu asiyeomba.
Nikadhani nikisema napenda, ataniuliza unapenda nini hasa,
nami muziki sijui hata pa kuushika.
Nikadhani wa ghorofa ya tatu wameshamwambia.
Nikadhani, si ana masikio, anajisikia mwenyewe.
Nikadhani Ijumaa ijayo.

Januari alihama. Pikapu, godoro, meko, sanduku jeusi la tarumbeta.
Nilimshikia lango.
Nikamwambia, "Angalia hapo, pana waya."

Jana nimelileta daftari nyumbani kulishona mgongo.
Kurasa za maoni ni zilezile: fundi, deni, nyumba isiyo na dirisha.
Lakini kwenye hadithi ya pili, nilipoinamisha karatasi kwenye taa,
nikaona mfuo. Mtu alipiga mstari kwa penseli
chini ya sentensi moja, kisha akaufuta,
akaufuta vizuri, akapuliza na vumbi la raba.

Ni sentensi niliyokaribia kuikata.
Nimeipapasa kwa ukucha sijui mara ngapi.

Kesho nalirudisha kwenye msumari.
Safari hii nitafunga penseli.
Na raba.