Matoroli Mawili Dukani

Struan wa dukani ana miaka kumi na tisa
na magoti ambayo bado hayajamtumia ankara.
Ameyaweka matoroli mawili mbele yangu
kama mshenga aliyeleta wachumba wawili siku moja:
huyu wa kusukuma, mwembamba, hana maneno mengi;
huyu wa umeme, mweusi, anang'aa, kifuani ana kioo
kinachojua umbali wa kila shimo hapa Balcraggan
kunishinda mimi, niliyezaliwa
mpira mmoja mbovu kutoka shimo la tisa.

"Betri inamaliza raundi mbili," asema.
Mbili! Mimi mwenyewe namaliza moja, na supu.

Nilipeleka barua miaka thelathini na mmoja.
Nilisukuma kigari chekundu kupanda Mtaa wa Kanisa,
mvua ikinipiga ubavuni,
mbwa wa akina Rennie akinisubiri kwa hamu ya mshahara.
Kusukuma kwangu ni namna ya kufikiri.
Mpira ukipotelea kwenye miiba yenye maua ya njano,
nasukuma, nasukuma,
na baada ya hatua arobaini, hamsini,
hasira inashuka kutoka mabegani hadi mpinini,
kutoka mpinini hadi kwenye tairi,
na tairi linaifuta kwenye nyasi.
Nikifika, nimekwisha kujisamehe.

Lakini kuna shimo la kumi na mbili, mwanangu.
Kile kilima kinapanda kama riba.
Mwezi Machi nilisimama mara mbili. Juzi mara nne,
na ya nne nilijifanya natazama sili baharini.
"Wangapi?" Senga akauliza.
Saba, nikasema.
Hapakuwa na hata mmoja.

Senga analo la umeme. Alhamisi akaniazima.
Likatangulia, linajua njia, halina haya,
nami nyuma mikono mitupu, sijui niiweke wapi.
Niliitia mifukoni. Nikaitoa.
Nikaifunga mgongoni kama mkaguzi wa shule.
Nikaufikia mpira kabla sijamaliza kuukasirikia.

Ila kumi na mbili! Nilikipanda kile kilima nikiongea.
Nilimsimulia Senga talaka yote ya dada yangu
kutoka chini hadi kwenye bendera, bila koma.

Kisha mteremko wa kumi na tatu,
na kitufe ambacho sikukiuliza kazi yake.
Toroli likashika njia yake.
Senga akaliita kwa jina (kumbe lina jina, linaitwa Hamish),
lisisikie,
likatumbukia kijitoni,
fimbo zote kumi na nne zikitazama mbinguni
kama watu waliokamatwa.

Tulicheka hadi Senga akakaa chini.
Halafu tukalisukuma hadi nyumbani, maana lilikufa kabisa,
zito kama piano,
wanawake wawili, miaka mia moja arobaini na mitatu,
mmoja kushoto, mmoja kulia, viatu vimejaa maji.
Ndipo nikajua: ndani ya kila toroli la umeme
kuna la kusukuma, limelala,
linangoja siku yake.

Najua, mchagua jembe si mkulima.
Lakini mkulima huyo hakuombwa pauni mia sita na hamsini.

"Struan," nasema, "hili la umeme, ukilizima, linasukumika?"
Ananitazama. Hajawahi kuulizwa.
Anainama, anachomoa betri, anaiweka juu ya sanduku la glavu.
Nalisukuma kupita miavuli, kupita soksi,
nazunguka stendi ya kofia za bei nusu, narudi.
Gurudumu la kushoto linalia kidogo, kama la kigari changu.

"Hilo naweza kulitia mafuta," asema haraka.
Usiliguse.
Niandikie risiti. Betri ni ya kumi na mbili tu,
mashimo mengine kumi na saba
nitajisukumia.