Silinda ya Tano

Tuliondoka Balmaceda na matangi nusu,
maana makreti ya chanjo za ng'ombe yalikuwa mazito
na upepo wa Patagonia haukuulizi umebeba nini.
Kiti cha kulia, Remigio Huenchul, mkata manyoya ya kondoo,
mkono wake wa kazi umefungwa bendeji hadi kiwikoni,
macho hayabanduki kwenye vidole vyangu
na kile kitufe chekundu.

"Unaminya nini hicho kila saa?"
Siminyi. Nazungusha. Robo ya mzunguko, halafu nasikiliza.
Ni kipimo cha mpishi, Remigio:
petroli kiasi gani kwa hewa kiasi gani.
Huku juu hewa ni nyepesi kama uji wa mgonjwa;
ukiipakulia injini petroli ya kule bondeni
inakula isichoweza kutafuna,
plagi zinavaa masizi.

Juu ya Ziwa General Carrera, maji ya rangi ya chupa iliyovunjika,
silinda ya tano ikaanza.
Mia na tisini. Mia mbili na tatu.
Wenzake wametulia kama watu kanisani,
yeye anapandisha mori.
Nikafungua vipepeo vya boneti. Mia mbili na kumi na mbili.

Eladio angesema: mwagia.
Petroli ikizidi inapoza, hilo si uongo.
Niliishi naye miaka tisa. Kila palipochemka alimwaga:
zawadi, wageni, maneno, kondoo mzima juu ya makaa
siku ya Jumanne, bila sababu,
hadi nikawa nakohoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikapiga hesabu gotini kwa penseli.
Lita sitini na nane, na upepo wa uso.
Nikimwagia, petroli itafika mwisho wake
kabla sisi hatujafika wetu.

Lakini ubaridi una milango miwili,
wa kushiba na wa kufunga.
Katikati yake pana kilele,
na kichwa cha silinda hakiungui kileleni penyewe;
kinaungua hatua chache kabla, upande wa walioshiba,
pale moto una kila unachotaka.
Hapo hupiti polepole.
Hapo unapita kama unavyopita mlangoni kwa anayekudai.

Nikapunguza moshi wa kwanza, nikakivuta kitufe, nikapita.

Mtetemo mdogo. Mwendo ukapungua.
Remigio akashika dashibodi kwa mkono mzima.
"Inakufa?"
Haifi. Imefunga tu.
Mia mbili na tisa.
Mia mbili, ikasita hapo, ikanitazama.
Mia na themanini na sita.

Nilianza kushuka mapema, mbali, juu ya Mto Baker,
sikuukata moto ghafla.
Chuma kilichochemka ukikitumbukiza katika baridi ya barafu
kinapasuka, si kwa hasira,
kwa mshangao.

Villa O'Higgins. Mbwa wawili uwanjani, mvua ya kulala.
Nikafungua boneti injini ikiwa bado inadondosha sauti zake, tik, tik.
Haikuwa petroli.
Ukanda wa mpira unaoelekeza hewa ulikuwa umekunjika,
kipande cha ukubwa wa kiganja,
na upepo wote ule, upepo uliotutesa njia nzima,
ulikuwa unapita kando ya silinda ya tano
bila kuigusa.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Miaka tisa, mmoja anamwaga, mwingine ananyima.
Boneti haikufunguliwa.

Remigio akauliza kama nina sindano ya magunia.
Nilikuwa nayo.
Akaushona ule mpira kwa mkono wa kushoto,
ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika,
mishono minne, mmoja umekwenda upande,
akaikata nyuzi kwa meno
na kusema kondoo huwa wanatulia zaidi.