Mkeka Umerudi

Habari za juma hili, niziandike kabla wino haujaniishia:
mkeka wetu umerudi.
Umerudi umekunjwa ovyo, unanuka moshi wa kuni,
una doa la nta, pana kama kiganja,
pale pale mpira mzuri unapodunda.
Hatumdai mtu. Tuliutoa wenyewe
walipokuja wana wa Othieno usiku, viatu mkononi,
wakasema waombolezaji ni wengi
na ua wote umelowa.

Othieno ndiye aliyekuwa akiutandaza.
Kila Jumamosi saa mbili, umande haujainuka,
misumari kumi na sita, nyundo ya mpini wa bomba,
akiunyoosha kwa goti, akitufukuza kama kuku:
"Ondoeni kwato zenu!"
Hakuwahi kupiga mpira hata mmoja.
Kriketi aliiita kazi ya watu kusimama.

Mengineyo.
Gongo la Emuron limepasuka;
amelifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, anasema sasa lina nguvu zaidi.
Bi Jyotsna wa duka la rangi ametupa pedi mbili,
zote za mguu wa kushoto. Kutoa ni moyo.
Tumeandika barua ya shukrani.
Ada: saba hawajalipa. Majina ninayo.
Mmoja wao ndiye mwandishi wa habari hizi.
Mbuzi wa shule ya jirani wamepigwa marufuku upande wa mwamba,
ila hajapatikana wa kuwaarifu mbuzi.

Jumamosi walikuja Mbale.
Walidandia lori lililofuata saruji hapa Tororo,
wakashuka weupe hadi kope,
wakajikung'uta, wakauliza: tunachezea wapi?
Hapo tukatazamana.
Watu kumi na mmoja, kila mmoja akavuta upande wake,
mkeka ukaota kilima katikati.
Msumari wa nane haukuonekana.
Nahodha Okiror akasema tuucheze hivyo hivyo,
mwamuzi akasema labda kama tunacheza mieleka.

Ndipo akaja Awor, binti wa marehemu, darasa la sita,
nywele zimenyolewa kwa msiba.
Hakumsalimu mtu. Akapiga goti.
"Upande wa doa uelekee mwamba," akasema,
"kule kwingine pameliwa na mchwa, baba alijua."
Akaweka misumari mdomoni, mitatu mitatu,
akaichomoa mmoja mmoja.
Miaka minne alikuwa akija naye, akimshikia misumari hiyo.
Nimepekua daftari langu, kurasa zote:
nimeandika mvua, nimeandika nyuki,
nimeandika hata mbwa aliyekimbia na mpira.
Yeye sikumwandika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone; sisi hatukupona.
Mbale mbio mia moja ishirini na tisa.
Sisi tulifika tisini na mbili, Okiror bado yumo, anapiga kama anayedai deni,
watoto wameshapanda ukuta kushangilia,
mara mpira mmoja wa kawaida, wa huruma kabisa,
ukaangukia kwenye nta.
Haukudunda. Uliteleza chini chini
ukang'oa kijiti cha kati.

Okiror hakumtazama mwamuzi.
Alilitazama doa, kitambo kidogo,
akavua kofia, akatoka.

Wote nje kwa mia moja na nne.

Kwenye daftari kuna safu: ametolewa na nani.
Niliiacha wazi hadi watu wakaanza kukusanya vikombe.
Kanuni inataka jina la mrushaji.
Nimeandika jina la mrushaji,
kwa penseli.

Kikao kilikaa papo hapo, juu ya pedi na makreti.
Kura saba kwa nne: nta isikwanguliwe.
Awor ataendelea na mkeka, kwa sharti lake mwenyewe,
kwamba kila tukimaliza mazoezi arushe mipira sita
na mtu mzima asimame kumpokea, asicheke.
Tumekubali. Emuron amekwisha kung'olewa mara mbili.

Msumari wa nane bado unatafutwa.
Atakayechomwa mguu, tafadhali, atuarifu.