Kiti Kinachopumua

Kiti cha zamani kilikuwa na shimo
la umbo la baba yangu:
paja la kushoto limezama zaidi, kwa sababu ya klachi,
na ukingo wa upande huohuo umelika
pale alipokuwa akiteremka
kukojoa, kupigapiga magurudumu, kusalimiana na upepo.
Miaka kumi na tisa aliketi humo.
Nikarithi lori, deni, na shimo,
na shimo halikunitosha.

Njia ya makaa ya mawe, huku Gobi,
ni ubao wa kufulia nguo
uliolazwa kutoka mgodini hadi mpakani.
Springi zilishakufa. Nilikalia sponji,
juu ya sponji blanketi, juu ya blanketi
mto alioushona mke wangu, Narmandakh,
akaujaza sufu ya ngamia,
na bado kila tuta lilinipigia hodi kiunoni
likaingia bila kungoja karibu.

Daktari wa mjini aliiinua picha dirishani.
“Hizi,” akasema, “ni pingili za mtu wa miaka sitini.”
Nina thelathini na minne.
Nikamuuliza kama naweza kumrudishia mwenyewe.

Baba, aliposikia habari za kiti kipya:
“Anayeketi kama chifu hulala kama maiti.
Mimi barabara niliisoma kwa makalio.
Tairi ikipungua upepo, nilijua kabla ya tairi.”

Nilikipata kwa Choijil, muuza vyuma chakavu,
ndani ya lori la Kiswidi lililopinduka:
kiti cha hewa, kitambaa cha kijivu,
doa moja la chai ya mtu nisiyemjua.
Bei, kondoo kumi na mmoja na betri.
Matundu ya bolti hayakulingana.
Choijil akachomelea bamba,
tukakipachika, nikapanda, kichwa kikagonga paa.
Tukakishusha, tukakata sentimita nne.
Nikapanda tena. Sasa paa liligusa nywele tu.
“Nyoa,” akasema Choijil.
Mpira wa hewa tukauunga kwenye tangi la akiba,
si lile la breki,
maana mgongo mzima una faida gani
kwa mtu asiyeweza kusimama?

Kikanipokea: fffss.
Tuta la kwanza likapita chini yangu
kama ugomvi wa majirani,
nimeusikia, haunihusu.
Jioni ile nilishuka nimenyooka,
Narmandakh akadhani nimeleta mgeni.

Ila kwenye kilomita ya tisini, safari ya pili,
tairi la nyuma lilikuwa likikata roho
nami nimekaa raha mustarehe, sina habari,
mpaka wa nyuma yangu akaning’ang’aniza honi.
Hilo sikumwambia baba.

Kile cha zamani kiko hemani, kando ya jiko.
Mwanambuzi aliyezaliwa kwenye baridi
hulala ndani ya paja la kushoto,
anaenea barabara.

Novemba baba akapanda nami,
eti anataka kuuona mpaka,
kana kwamba mpaka umebadilika.
Siku tatu foleni, malori mbele, malori nyuma,
chai ya chumvi inaganda kwenye kifuniko cha chupa.
Nilishuka kugonga barafu kwenye breki.
Niliporudi alikuwa upande wangu,
macho amefumba, mkono unapapasa chini
kama mtu aliyeangusha sarafu.

“Hii ya mgongo,” akauliza, “inavutwa wapi?”

Nikamwonyesha.
Mmoja wao akashusha pumzi,
sikuuliza ni nani.

Kisha foleni ikasogea, urefu wa lori moja.
Nikazunguka mbele ya taa,
nikapanda upande wa abiria,
nikautazama mguu wake wa kushoto
ukiitafuta klachi,
ukiipata.