Kumtazama Farasi kwa Pembeni

Daktari wa Sligo alinichorea duara, akajaza wino katikati.
"Utabaki na kingo," akasema, kama mtu anayegawa mkate.
Basi nina kingo.
Nikitaka kumwona farasi nalitazama paa la choo,
naye farasi huingia polepole kwa pembeni,
mkia kwanza, au sikio,
kama mgeni asiyetaka kumwamsha mtoto.

Kaka yangu Colman ndiye aliyenileta. Yeye macho anayo,
ila nyekundu na kijani kwake ni ndugu wa tumbo moja.
"Nani yuko mbele?"
"Wa kahawia."
"Farasi au fulana?"
"Vyote," asema, huku akitafuna soseji.
Jozi moja ya macho tumeichangia watu wawili
na bado haijatimia.

Wahenga walinena, kipofu hasahau mkongojo wake.
Mimi leo nimeusahau kwenye kibanda cha chai
mara mbili,
na hiyo ndiyo hoja yangu: bado.

Kwenye kizimba wanakozungushwa kabla ya mbio
nasogea hadi ubao wa uzio unanigusa mbavu.
Hapa sihitaji paa la choo.
Wanapita: joto, kisha baridi, kisha joto.
Sabuni ya ngozi. Jasho. Nyasi zilizotafunwa zikatemwa.
Mmoja anapiga hatua tatu nzito na ya nne nyepesi,
kama mshonaji anayesita kwenye pindo.
Nikampenda papo hapo.
"Namba ngapi huyo?"
"Saba. Anaitwa Jirani Mkopaji."
Kumi na nne kwa moja.
Mossie Tarpey, mpokea dau, akanitia tiketi kiganjani
akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja,
jambo ambalo sikumwomba, wala sikulikataa.

Darubini ya marehemu mume wangu iko shingoni.
Haina kazi, hulikuza shimo tu,
lakini shingo imeuzoea uzito wake.

Mbio za nne, ukungu ukashuka kutoka ziwani.
Ukala viunzi vya mbali, ukala miti,
hata mtangazaji akakohoa kwenye kipaza sauti:
"Mabibi na mabwana, wako huko, mahali fulani."
Watu wakacheka, kisha wakanyamaza,
wameshika darubini zao kama vikombe vitupu.

Karibuni, nikasema moyoni. Sogeeni, nafasi ipo.

Maana mimi niliwasikia.
Ardhi ilininong'oneza kwanza nyayoni,
kisha matawi ya kiunzi, kwacha, kwacha-kwacha,
mtu akamtukana mtu, farasi akapiga chafya,
halafu kishindo kimoja mbele, peke yake,
tatu nzito, moja nyepesi,
na pengo,
na ngoma nzima nyuma yake.
"Ni Saba," nikamwambia Colman. "Saba kawaacha!"
Bwana mmoja akageuka, nikasikia koti lake.
Neno likasafiri uzioni mdomo kwa mdomo,
Saba, Saba,
mwanamke nisiyemjua akanikamata mkono
akaubana kama anayejifungua.

Nikalikazia macho paa la choo kwa nguvu zangu zote.
Akaja,
kwa pembeni, mkubwa, mweusi kwa maji,
akaukata mstari peke yake,
na umati ukatoa sauti isiyo shangwe,
sauti ya mtu aliyekalia yai.

"Ni wako," akasema Colman. "Wa kwanza kabisa."
Akameza soseji.
"Ila juu yake hakuna mtu."

Huko weupeni kijana fulani alikuwa anarudi kwa miguu,
matope hadi kwenye nyusi.
Nilicheka hadi darubini ikanigonga kifua.
Tarpey akasema, "Kwa haki, mama, ulimwona kabla yetu sote."
Pesa hakurudisha.

Mkongojo tuliukuta kwenye kibanda cha chai,
kwa mara ya tatu, umeegemezwa kwenye kiti chake,
na mbele yake mtu ameuwekea kikombe.