Nukta ya Trei ya Saba

Dokta Nyaulingo amekuja na karatasi yake,
ameitandaza juu ya gunia la mbolea, akapiga magoti
kama mtu anayeonyesha mipaka ya shamba la urithi.
"Hii ndiyo Juni yako," akasema.
Juni yangu: mstari mwekundu
unaoteremka, unaoteremka, kama njia ya kwenda Mgololo.

Zamani waliuliza swali moja tu: kilo ngapi?
Walikuja na gari jeupe, mimi bado binti,
wakapanda miforsadi hadi kwenye misindano,
wakapima vifukofuko kwa mizani ya chai,
na bei ilipoanguka hatukuwaona tena.
Mizani ikabaki na kutu. Miforsadi ikabaki na watoto.

Hawa wa leo hawaulizi sana habari za nguo.
Wanauliza mbegu ipi inahimili baridi,
jani limechumwa saa ngapi, lina maji kiasi gani.
Maji ya kuchemshia vifukofuko, sisi tuliyamwaga;
wao wanayatia chupani, wanasema yana utomvu
wa kulainisha ngozi.
Na uzi, wanasema, wapo wanaojaribu kuusuka
ili nyama mpya ya goti iupande
kama maharage yanavyopanda mti.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Kiwavi aliyeshiba majani ya nyuma ya choo changu!

Mimi kazi yangu ni daftari.
Kalamu inaning'inia msumarini.
Joto, unyevu, wangapi hai, wangapi wamelegea.
Nyuzi za joto, nyuzi za hariri: neno ni lile lile,
na zote mbili hukatika usiku.
Mara nne hulala, mara nne huvua ngozi,
wakiamka wanakula, na kula kwao ni manyunyu
juu ya bati la jirani.

"Lakini hapa," akasema Dokta,
kidole kikaruka kutoka mstarini
hadi juu, pembeni, penye nukta moja peke yake.
"Trei ya saba, usiku wa tarehe kumi na nne.
Nyingine zote nyuzi nane. Hii ishirini na sita.
Kipimajoto kilikorofisha?
Nukta za namna hii huwa tunaziondoa."

Usiku ule sakitu ilikaa juu ya kabichi kama chumvi.
Moto sikuweza kuwasha, moshi huwaua.
Trei kumi na mbili, mikono miwili,
blanketi moja.
Nilichukua ya saba kwa kuwa ilikuwa karibu na mlango,
sababu nyingine sina.
Nikaiingiza kitandani, kati yangu na Enesia,
homa imempanda, mwili unawaka kama jiko la maranda.
Zile nyuzi ishirini na sita
zilikuwa za mtoto.
Tukalala hivyo, mimi, yeye, na wale mia tatu
wakitafuna gizani karibu na sikio langu.

Asubuhi trei kumi na moja zilikuwa kimya.
Enesia akaomba uji.
Nikachukua kalamu, nikaandika nilichokisoma.
Daftari halina safu ya kitanda.

Yote haya sikumwambia.
Nilisema tu, "Kipimajoto ni kizima."
Akanitazama. Akatoa penseli,
akachora alama ya kuuliza, ndogo, kando ya nukta,
akakaa akiigeuzageuza penseli.

Ndipo Enesia akaja mbio kutoka mforsadini,
midomo ya zambarau, akainama juu ya karatasi.
"Hii imefanya nini," akauliza, "mbona imetengwa?"
Akaigusa kabla sijamzuia.

Sasa karatasi ya Dokta ina nukta mbili.